Kahawia Moja, Kahawa Tano

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu ukipita hapa jioni ukakuta wanaume wamelikalia mpaka limepinda katikati, utadhani ni la serikali. Nililichongesha kwa ajili ya wateja wanaosubiri suruali zao, nikaliweka nje ya mlango wangu wa cherehani, na mpaka leo hakuna mteja aliyewahi kupata nafasi ya kulikalia. Wakaaji ni watano, nami nikiwemo. Yuko Kinyozi, jirani yangu ukuta kwa ukuta, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa anakuja kutunyoa sisi kwa maneno. Yuko Redio, dereva wa lori aliyestaafu, mwenye habari za kila kitu na asiyesema kazipata wapi. Yuko Kamishna, ambaye hajawahi kuwa kamishna wa chochote, ila ana miwani, na kabla ya kusema neno anakohoa kwanza. Na yuko Babu Saa, fundi wa saa wa kona ya pili, mtu mpole anayekaa mwisho kabisa wa benchi, anakunywa kikombe chake taratibu, anasema asante, anarudi kwenye saa zake. Mbele yetu anakaa Shangazi na jiko la mkaa, birika refu na vikombe vidogo visivyo na mkono. Si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini hata Kamishna anamwogopa.

Sasa sikiliza tulivyofika hapa. Kikombe cha Shangazi ni noti moja ndogo, ile tunayoiita kijani. Inayoifuata kwa ukubwa tunaiita kahawia, na kahawia moja ni kijani tano. Kijani zilipoanza kuadimika, kila mtu akawa anakuja na kahawia kununua kikombe kimoja, na Shangazi hana cha kurudisha. Ndipo Kamishna akakohoa na kututungia sheria: kila jioni mtu mmoja atoe kahawia, wote watano wanywe, kesho mwingine. Kahawia moja, kahawa tano. Alipenda sana maneno yale, akayarudia mpaka na wapita njia wakayajua. Tukaiita zamu, na zamu ikaenda vizuri kwa muda, mpaka ikamfikia Babu Saa.

Babu Saa hakuja siku ya zamu yake. Kesho yake hakuja, na keshokutwa yake hakuja. Jioni ninayoisimulia, sehemu yake ya mwisho wa benchi ilikuwa tupu, birika lilikuwa linachemka, na hakuna aliyekuwa ameonja kitu.

– Simimini mpaka nione kahawia, Shangazi akasema.

– Shangazi, sisi si wageni hapa, Redio akasema.

– Mgeni ningemwamini.

Kamishna akakohoa.

– Jamani, tusizungushane. Mzee kakimbia zamu. Kanywa za kwetu, yake ilipofika, kayeyuka.

– Pengine anaumwa, nikasema.

– Anaumwa wapi, Redio akadakia. Nimemwona leo asubuhi kwenye njia ya nyuma, ile ya mtaroni. Anatembea vizuri kuliko wewe.

– Kwa nini apite mtaroni na barabara ipo?

– Ndiyo hiyo, Fundi. Umejijibu mwenyewe.

Kamishna akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Hapo ujue kuna jambo linakuja.

– Natoa hoja, akasema. Yule bwana anayeuza chaja na makava ya simu hapo ng'ambo ameniomba nafasi. Mtu safi, kahawia kwake si shida, anazo za kufungia mzigo. Babu Saa asipotokea leo kabla ya Shangazi kuzima jiko, nafasi yake apewe Bwana Chaja. Tupige kura.

Mimi roho haikukaa sawa. Babu Saa alikalia benchi hili kabla Kamishna hajahamia mtaa huu, na mke wake alipofariki, ni hapa alipokuja kukaa jioni ile baada ya mazishi, hakusema kitu, nasi hatukusema kitu. Kumtoa mtu kwenye benchi si kama kumtoa kwenye foleni. Lakini nilikuwa na kiu ya kahawa, na mtu mwenye kiu hana msimamo.

– Tusikimbilie kura, nikasema. Zamani mzee alikuwa anakuja na kijani yake mkononi, anakunywa chake, hamdai mtu na hadaiwi. Tatizo si mzee. Tatizo ni kijani. Hivi zimekwenda wapi, hizi noti?

Nilidhani nimewapa swali la kupoteza muda, mzee apate nafasi ya kutokea. Kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki.

– Zimekufa kwa jasho, Kinyozi akasema.

– Kwa kitu gani?

– Kwa jasho. Kahawia inalala kwenye pochi, ya ngozi, inakunjuliwa kwa adabu. Kijani inalala kwenye soksi. Inalala kifuani kwa mama muuza nyanya. Inalala kwenye ngumi ya mtu anayekimbilia gari. Mimi nilikuwa nalipwa noti imelowa, naibandika kwenye kioo ikauke ndipo niijue ni noti. Kitu kinachoishi maisha ya namna hiyo kitafika wapi?

– Kama zimekufa, tungeona maiti, Redio akasema. Umewahi kuona maiti ya kijani?

– Sijawahi.

– Basi hazijafa. Zimechukuliwa. Na aliyezichukua anaonekana kutoka hapa mlipokaa.

Akanyoosha kidole juu ya mapaa. Tukatazama wote, hata Shangazi. Kulikuwa na mnara wa simu.

– Unatania, Kinyozi akasema.

– Sitanii. Nijibuni taratibu. Ukienda kwa wakala kuweka pesa kwenye simu, unampa nini?

– Noti.

– Noti inaingia kwenye simu?

– Haiingii, inaingia kwenye droo.

– Na droo ikijaa?

Hakuna aliyejua droo ikijaa inakuwaje.

– Inasagwa, Redio akasema kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya. Inasagwa, inakuwa unga, unga unakuwa hewa, hewa inakwenda mnarani. Ndiyo maana ukituma pesa wanakukata kidogo. Kile wanachokata ni gharama ya kusaga.

– Mbona wanasaga kijani tu na kahawia wanaziacha?

– Kijani ni laini. Kinyozi si kasema mwenyewe zimelowa jasho?

Kinyozi alikuwa amefungwa kwa kamba yake mwenyewe.

– Mimi ni shahidi wa jambo hili, nikasema, kwa sababu mimi ndiye ninayeingia kwenye mifuko ya watu.

– Hilo tunalijua, Kinyozi akasema.

– Kwa kazi, nasema. Mtu akileta suruali ya kupunguza, lazima nikague mifuko, nisije nikashonea kitu ndani. Zamani nilikuwa nakuta kijani mbili, tatu, zimekunjwa mpaka zimekuwa kama mbegu. Nawarudishia wenyewe.

– Wote?

– Wanaorudi kuuliza. Siku hizi sikuti noti. Nakuta pipi.

Hapo kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja, maana hakuna asiyekuwa na kesi ya pipi. Ukinunua sabuni, chenji ni pipi. Ukinunua mafuta ya taa, chenji ni pipi na kijiti cha meno. Redio alisema mke wake ana kopo zima la pipi za chenji, na mjukuu akija kutembea anazikataa, kachoka nazo.

– Na huyu, Shangazi akasema akimnyooshea Redio kijiko, aliwahi kunilipa kikombe kwa pipi saba. Nikamwuliza, mwenye mkaa wangu anakula pipi?

– Zilikuwa pipi nzuri, Redio akasema. Za kifua.

– Bora ninyi, Kinyozi akasema. Mimi kunyoa kichwa ni kijani tatu. Juzi kaja bwana mmoja, kanyolewa, kanipa kahawia. Namwambia sina chenji. Ananiambia, basi endelea kunyoa mpaka pesa iishe. Nikamnyoa ndevu. Ananiuliza, imeisha? Bado. Nikamnyoa masharubu, aliyafuga tangu ujana. Imeisha? Bado kidogo. Kaondoka hapa hana unyusi wa kushoto.

– Na wa kulia?

– Pesa iliisha.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Hata Shangazi alicheka, ila hakushika birika. Niliangalia kona ya pili. Watu walikuwa wanapita, Babu Saa hayumo.

Kamishna hakucheka sana. Hapendi mtu mwingine achekeshe baraza wakati yeye hajatoa ripoti.

– Mmemaliza utani, akasema. Sasa niwaulize jambo la watu wazima. Trei za mayai zinatengenezwa kwa kitu gani?

– Kwa karatasi.

– Karatasi gani?

Kinyozi akamtazama Redio.

– Nauliza tena. Trei za mayai siku hizi zina rangi gani?

– Kijivu, nikasema.

– Kijivu tupu?

– Kijivu.

– Kijivu yenye ukijani kwa mbali, Kamishna akasema. Kaangalieni mchana, juani. Haya, na mayai yamepanda bei, hayajapanda?

– Yamepanda.

– Yasipande vipi, na yai limelalia pesa? Kuna watu wanakusanya kijani kwa magunia, wanaziloweka, wanazifinyanga. Ukinunua trei moja umenunua mayai thelathini na akiba ya mtu.

– Kwa hiyo tukiloweka trei tutapata kijani? Redio akauliza, na niliona kabisa kwamba swali lile halikuwa la mzaha.

– Utapata uji, Shangazi akasema.

– Shangazi, wewe unaona zimekwenda wapi?

– Mimi sijui zimekwenda wapi. Ninachojua, kahawa yangu ndiyo kitu cha mwisho mtaa huu kinachouzwa kijani moja, na kijani haipo. Nauza kwa noti ambayo haiji. Mtu akinipa kahawia kwa kikombe kimoja, nimrudishie nini, majivu?

– Ongeza bei basi, Kinyozi akasema.

– Nikiongeza utakuja?

– Sitakuja.

– Kumbe.

Redio alikuwa bado anatazama mnara. Nilimwona anataka kuachana nao, maana trei za mayai zilikuwa zimemzidi, na yeye hakubali kuzidiwa na mtu anayekohoa.

– Jamani, akasema, mimi nimebadili mawazo. Hazijasagwa wala hazijafinyangwa. Zimeona aibu.

– Noti imeona aibu.

– Kijani moja ilikuwa inanunua vitunguu viwili na kiberiti. Ikaja ikanunua vitunguu viwili bila kiberiti. Ikaja kitunguu kimoja. Ikaja nusu, na nusu kitunguu hakuna anayeuza. Unatoka nyumbani, unafika dukani, mwenye duka anakutazama hivi, anakuambia rudi ulikotoka. Ungekuwa wewe ungetoka tena? Ungekaa ndani. Kijani zipo, ziko majumbani mwa watu, zimekaa kimya.

Nilitarajia kicheko, hakikuja. Kinyozi alisema "mh", akakuna kidevu. Sijui wenzangu walikuwa wanafikiri nini. Mimi nilifikiri kwamba Redio ndiye mwongo pekee ninayemjua ambaye siku nyingine hukosea njia akafika penye ukweli.

Shangazi akachochea mkaa. Uliobaki ulikuwa kidogo, mwekundu kwa chini tu.

– Mnapiga kura au nifunge nikalale? akasema.

Kamishna akakohoa, akasimama kabisa.

– Anayekubali nafasi ya Babu Saa apewe Bwana Chaja anyooshe mkono.

Akanyoosha wake. Redio akanyoosha, si juu sana, usawa wa sikio. Kinyozi akaanza kukung'uta nywele kwenye shati ambalo halikuwa na nywele.

– Kinyozi?

– Mimi mzee namnyoa. Siwezi kumpigia kura mtu ambaye kesho nitamshika kichwa.

– Fundi?

– Nimeshika sindano, nikasema.

Nilikuwa nimeshika kweli. Nilikuwa nimeishika tangu aliposimama, nikijua ananijia.

– Wawili ndiyo, hapana hakuna, Kamishna akasema. Hoja imepita. Babu Saa si mwenzetu tena, hatuna ugomvi naye. Kesho Bwana Chaja anaanza. Na kwa leo, ili msiseme mimi ni mtu wa maneno tu, hii hapa.

Akatoa kahawia. Shangazi akaipokea, akaitazama kwenye mwanga wa jiko, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akamimina. Kikombe cha kwanza Kamishna, cha pili Redio, cha tatu Kinyozi, cha nne mimi. Akamimina cha tano, akakiweka mwisho wa benchi, pale pasipo mtu.

– Hicho cha nani? Kinyozi akauliza.

– Kahawia moja, kahawa tano, Shangazi akasema. Chenji sina.

Tukanywa. Kahawa ilikuwa nzuri, nasema ukweli, chungu sawasawa, ya kusubiriwa. Lakini hakuna aliyekuwa anaizungumzia. Kila mmoja alikuwa anakitazama kile kikombe bila kutaka kuonekana anakitazama. Redio alisema tukigawane, Kamishna akasema kisheria ni cha aliyelipa, Kinyozi akasema kama ni cha aliyelipa mbona hakinywi.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa kona ya pili. Hatukuwahi kumwona. Mtu mzima, makamo, amevaa sare ya usafi wa ofisini na amebeba viatu vya kazini ndani ya mfuko wa nailoni, ishara kwamba hajafika hata nyumbani. Akasimama mbele yetu, akatusalimia kwa heshima.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama, tukaitika, maana hata yeye alikuwa na umri wa kuitwa mama.

– Samahani. Hapa ndipo kwenye kahawa ya Shangazi?

– Ndipo, Shangazi akasema. Karibu, mwanangu.

– Asante. Mimi ni binti wa fundi saa. Baba kanituma.

Kamishna akaweka kikombe chini. Mimi nikajifanya natafuta uzi.

– Hajambo mzee? Kinyozi akauliza.

– Hajambo. Yupo tu. Siku hizi akitoka kibandani anapita njia ya nyuma. Nimemwuliza kwa nini, mbona zamani jioni ulikuwa unakwenda kwa wenzako, alikataa kusema. Jana ndiyo kaniambia. Anasema kahawa yenu sasa ni ya kahawia, na yeye kahawia haipati. Saa zenyewe siku hizi nani anatengeneza? Watu wanaangalia simu. Kwa siku akipata kazi ya kijani mbili, tatu, anashukuru, na mara nyingi analetewa pipi.

Alisema yote hayo bila kulalamika, kama anayetupa habari za hali ya hewa. Hakujua tumetoka kufanya nini. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na najua wenzangu nao, kwa sababu hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Akafungua kiganja. Kilikuwa na kijani moja, imekunjwa mara nne, safi, haina hata doa la jasho.

– Hii kaipata kwa mteja wake wa zamani. Alitaka kuja nayo mwenyewe, akafika pale kona, akarudi. Kaniambia nije kwanza niulize.

– Uliza, mwanangu, Shangazi akasema.

– Anauliza, mtu wa kikombe kimoja siku hizi anakaa wapi?

Shangazi alichukua ile kijani kwa vidole viwili, akaikunjua juu ya goti lake, akailainisha kwa kiganja, halafu akainua macho akatuangalia sisi, mmoja baada ya mwingine. Kile kikombe cha tano kilikuwa kimeshaacha kutoa moshi.

– Jibuni basi, akasema. Mtu kauliza.

Kamishna alikohoa, akakohoa tena. Kinyozi alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Redio, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali lolote tangu nimfahamu, na Redio akainama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala.